Sauti kama Amana: Mitambo ya Kusikilizia Muziki na Nafasi ya Kivu katika Historia Yake

1.0 Utangulizi

Historia ya muziki wa Afrika ya Mashariki na ya Kati imeandikwa zaidi kwa kufuata waimbaji, bendi na mitindo. Mitambo iliyobeba sauti za waimbaji hao haijapewa nafasi kubwa, kana kwamba santuri, kaseti na simu ni vyombo vitupu visivyo na historia yao. Makala haya yanakusudia kuutazama upande huo. Yataanza na santuri za miaka ya 1920, yatapitia kaseti, na kuishia kwenye kicheza muziki cha dijitali cha mfukoni, yaani ule mtambo wa bei kubwa uliotengenezwa kwa ajili ya wapenzi wa sauti safi.

Msomaji wa Goma ana haki ya kuuliza: mtambo unaouzwa kwa maelfu ya dola unatuhusu nini sisi? Jibu letu ni kwamba unatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, madini ya aina inayochimbwa katika milima yetu ndiyo yaliyowezesha mitambo ya elektroniki kuwa midogo. Pili, mtambo huo unalileta mbele yetu swali ambalo tumeliahirisha kwa muda mrefu: sauti za watu wa Kivu zimerekodiwa kwa ubora gani, na zimehifadhiwa wapi? Hoja ya makala haya ni kwamba uaminifu wa sauti huamuliwa siku ya kurekodi, si siku ya kusikiliza. Mtambo bora hauwezi kurudisha kile ambacho hakikuchukuliwa.

2.0 Kutoka santuri hadi kaseti

Thomas Edison alionyesha mtambo wake wa kunasa sauti mwaka 1877, na Emile Berliner akaleta gramafoni, iliyotumia sahani bapa, mwaka 1887. Katika pwani ya Waswahili, tukio linalokumbukwa zaidi ni safari ya Siti binti Saad na wenzake kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928, ambako nyimbo zao zilirekodiwa kwa ajili ya santuri za His Master's Voice. Shaaban Robert aliyaandika maisha ya mwimbaji huyo, lakini sauti yenyewe tunaijua kwa sababu ya sahani zile.

Majina ya mitambo hiyo yanastahili kuangaliwa na wanaisimu. Kinanda ni jina la ala ya muziki kabla ya kuwa jina la mtambo. Santuri nayo inatokana na santur, ala ya nyuzi ya Uajemi na nchi za Kiarabu. Waswahili wa pwani, basi, waliuona mtambo mpya kama ala nyingine: kitu kinachopiga muziki, sawa na mpiga kinanda. Huku kwetu Kongo mambo yalikwenda njia nyingine. Mitambo iliingia pamoja na Kifaransa, na majina yake yakatoka huko. Kwa kaseti, neno moja lilizifaa pande zote mbili, maana Kiingereza na Kifaransa vilikubaliana.

Katika Kongo ya Wabelgiji biashara ya santuri ilipata nguvu baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1948 Mgiriki Nicolas Jéronimidis alianzisha studio na alama ya Ngoma mjini Léopoldville. Mwaka huohuo Wendo Kolosoy alirekodi humo wimbo Marie-Louise akiwa na mpiga gitaa Henri Bowane. Lingala ikasafiri kwa santuri na redio kuliko ilivyosafiri kwa vitabu. Kiswahili nacho kilipata mjumbe wake mwaka 1952, pale Hugh Tracey alipomkuta Jean Bosco Mwenda akipiga gitaa huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Wimbo Masanga uliorekodiwa wakati huo ulimpeleka Bosco katika masikio ya Nairobi na hata ya Ulaya.

Kaseti ilibadili uhusiano kati ya msikilizaji na sauti. Kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963, na tarehe 1 Julai 1979 Sony ikaanza kuuza Walkman nchini Japani. Santuri ilimfanya mtu awe mnunuzi tu. Kaseti ilimruhusu awe mrekodi. Harusi, mahubiri, kwaya za parokia, ngano za bibi na salamu za ndugu aliye mbali, vyote viliweza kuingia katika mkanda mmoja, na wimbo mpya ukaweza kurekodiwa juu ya wimbo wa zamani. Hapo ndipo palipokuwa na faida na hasara ya kaseti. Iliwapa watu uwezo wa kuhifadhi, na papo hapo ikawapa uwezo wa kufuta. Tena kila nakala ya nakala ilikuwa na mvumo zaidi na sauti hafifu zaidi.

3.0 Dijitali na suala la uaminifu

Katika mfumo wa dijitali, sauti hugeuzwa kuwa namba. Sahani ya CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, huchukua sampuli 44,100 za sauti kwa kila sekunde, na kila sampuli huandikwa kwa biti 16. Kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia, hizo ni biti 1,411,200 kwa sekunde. Kiasi hicho kilikuwa kizito mno kwa kompyuta na laini za simu za wakati ule. Ndipo watafiti wa taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, wakiwemo Karlheinz Brandenburg na wenzake, walipobuni mfumo uliokuja kuitwa MP3. Mfumo huo huondoa sehemu za sauti ambazo sikio la kawaida halitarajiwi kuzitambua, hasa sauti dogo iliyofunikwa na sauti kubwa. Faili la MP3 la biti 128,000 kwa sekunde lina sehemu moja tu kati ya 11 ya zile biti za CD.

Mwaka 1998 kampuni ya Saehan ya Korea ya Kusini iliuza MPMan, na tarehe 23 Oktoba 2001 Apple ikaonyesha iPod yenye nafasi ya nyimbo 1,000. Walimwengu walikubali kupoteza sehemu ya sauti ili wapate wingi na wepesi.

Wako waliokataa mapatano hayo. Kwa ajili yao kampuni ya iriver ya Korea ya Kusini ilitoa Astell&Kern AK100 mwaka 2012, mtambo uliosoma mafaili ya biti 24 na sampuli 192,000 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara sita ya kiasi cha CD. Mwaka 2016 Sony ikaja na NW-WM1Z: mwili wa shaba iliyosafishwa na kupakwa dhahabu, uzito wa gramu 455, nafasi ya gigabaiti 256, na bei ya dola za Marekani 3,200 hivi. Jina la Walkman, ambalo mwaka 1979 lilikuwa la kijana anayetembea barabarani, sasa lilikuwa la kito.

Wajuzi wanabishana kama sikio la binadamu linaweza kweli kutofautisha sampuli 192,000 na zile 44,100 za CD. Hatuna haja ya kuuamua ubishi huo hapa. Linalotuhusu ni neno linalotumika katika biashara hiyo, yaani uaminifu. Katika Kiswahili uaminifu una undugu na amana, kwa kuwa yote mawili yanatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Amana ni mali ya mtu iliyowekwa kwa mwingine ili irudishwe kamili. Mtambo mwaminifu, kwa maana hiyo, ni ule unaorudisha sauti kama ilivyowekwa. Lakini lazima kwanza pawe na aliyeweka.

4.0 Madini ya Kivu ndani ya mtambo

Mtambo hauwezi kuwa mdogo bila sehemu ndogo. Mojawapo ya sehemu hizo ni kapasita, kijumba kinacholimbika umeme na kuutoa unapohitajika. Katika miaka ya 1950, maabara za Bell huko Marekani ziliendeleza kapasita ya tantali, ambayo huhifadhi umeme mwingi katika umbo dogo sana. Tangu hapo tantali imeingia katika simu, kompyuta na mitambo mingine mingi ya mfukoni. Bati hutumika kuunganisha sehemu hizo, na dhahabu hupakwa kwenye viungo ili visishike kutu.

Tantali hupatikana katika koltani, na bati katika kasiteriti. Vyote viwili viko Kivu. Wachimbaji wa Rubaya, katika eneo la Masisi, huchimba kwa sururu na koleo, huosha mchanga kwa maji ya mtaro, kisha hubeba magunia hadi kwa wanunuzi. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda ghafla duniani, wakati nchi ikiwa vitani, kisha ikaanguka mwaka uliofuata. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria iliyoyadai makampuni yaeleze kama madini yao yanatoka katika maeneo haya, na kuanzia Septemba mwaka huo hadi Machi 2011 serikali ya Kongo ikasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema. Mwezi wa Aprili 2024 Rubaya ilitekwa na kundi la M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa migodi hiyo ilitoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Januari 2025 Goma yenyewe ikaangukia mikononi mwa kundi hilo.

Hatudai kwamba mtambo fulani uliotajwa hapo juu una tantali ya Masisi. Madini yakishayeyushwa pamoja, asili yake ni ngumu kuifuata. Tunasema jambo jepesi zaidi: udogo wa mitambo ya leo una gharama, na sehemu ya gharama hiyo imelipwa hapa. Mwanakemia Ekeberg wa Uswidi, aliyeitambua tantali mwaka 1802, aliipa jina la Tantalus, mfalme wa visasili vya Wagiriki aliyehukumiwa kusimama majini bila kuweza kuyanywa. Ekeberg alikuwa akifikiria tabia ya madini hayo ndani ya asidi, ambayo hayainywi. Msomaji wa Kivu ataliona jina hilo kwa jicho jingine.

5.0 Sauti zetu ziko wapi?

Mwaka uleule wa 1952 alipomrekodi Bosco, Hugh Tracey alipita pia kandokando ya msitu wa Ituri. Miongoni mwa aliowarekodi walikuwa Wanande, ambao kwao ni Beni na Lubero. Rekodi hizo ziliingia katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, aliyoianzisha mwaka 1954 huko Afrika ya Kusini, na ambayo sasa ipo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda, zamani Grahamstown. Baadaye sehemu yake ilitolewa upya kwa CD nchini Uholanzi. Kwa hiyo Mnande anayetaka kusikia jinsi babu zake walivyoimba miaka ya 1950 atazipata sauti hizo safi, lakini kwa wageni.

Tusimlaumu aliyehifadhi. Lau zingebaki huku, huenda zisingekuwepo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliteketeza sehemu kubwa ya kitovu cha Goma, na tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka tena. Vita na uhamisho vimefanya yaliyosalia. Familia inayokimbia hubeba watoto, godoro na sufuria. Kaseti za babu hubaki ndani ya nyumba.

Kinachosikika leo mjini ni muziki ulionakiliwa kutoka simu hadi simu na kutoka kadi ya kumbukumbu hadi nyingine, mara nyingi katika MP3 iliyobanwa mara mbili au tatu. Tukiitia nyimbo hiyo katika mtambo wa dola 3,200, tutasikia kasoro zake kwa usahihi zaidi, basi. Kwa mwanaisimu hasara ni kubwa kuliko kwa mpenda muziki. Mfumo unaobana sauti hukisia kile ambacho sikio halihitaji, lakini mtafiti wa fonetiki huenda anakihitaji hichohicho: mpumuo baada ya konsonanti, mpito kati ya toni mbili katika Kinande, au tofauti ndogo kati ya Kiswahili cha Bukavu na cha Beni. Kilichoondolewa hakipimiki tena.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba kila mtambo ulileta mapatano yake: santuri ilidumu lakini ilikuwa mikononi mwa wachache, kaseti ilienea lakini ilifutika, MP3 ilirahisisha lakini ilipunguza. Kicheza muziki cha bei kubwa kinajaribu kurudisha kilichopunguzwa, na kwa kufanya hivyo kinatufundisha kwamba ubora lazima uanzie kwenye chanzo.

Funzo hilo halihitaji dola 3,200. Sauti ya msemaji mmoja, ikirekodiwa bila kubanwa kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, huchukua megabaiti 518 hivi kwa saa. Nafasi ya gigabaiti 256, sawa na ile iliyomo ndani ya mtambo wa dhahabu, ingetosha zaidi ya saa 450 za ngano, methali, nyimbo za jando na za mazishi, na masimulizi ya wazee wa Masisi, Rutshuru, Walikale, Lubero na Beni. Vyuo vyetu vina wanafunzi wanaozijua lugha hizo na wanaorudi kwao kila likizo, njia inaporuhusu. Wafundishwe kurekodi bila kubana, kuandika jina la msemaji kwa ridhaa yake, mahali na tarehe, na kuweka nakala tatu katika miji tofauti, moja wapo mbali na volkeno na mbali na vita. Kazi hiyo inaweza kuanza muhula ujao, na wazee wa kuirekodiwa wanapungua kila mwaka.