Picha 160 za Ukuta Uliofunikwa

Kuna ukuta mmoja kule Indonesia wenye michoro 160 iliyochongwa kwenye mawe. Hata uwe na viza, tiketi na kamera ya bei ya gari, hutauona wote. Umefunikwa na mawe mengine, tani kwa tani. Picha za ukuta huo mzima tulizo nazo zilipigwa na jamaa mmoja wa Java anayeitwa Kassian Cephas, kati ya mwaka wa 1890 na 1891. Akamaliza, ukafunikwa tena. Leo mtu yeyote akitaka kusoma ukuta huo wote, awe profesa au mimi niliyeacha chuo, lazima arudi kwa picha za huyo jamaa.

Sasa wasee, hebu tuongee kuhusu kazi ya kupiga picha, kwa sababu naona wengi wetu tunaichukulia kama mchezo tu.

Hekalu lenyewe linaitwa Borobudur. Liko katikati ya kisiwa cha Java, kama kilomita 40 kutoka mji wa Yogyakarta. Lilijengwa kati ya karne ya 8 na ya 9, enzi za wafalme wa ukoo wa Sailendra waliofuata dini ya Kibudha. Usidhani ni jengo la kuingia ndani kama kanisa au msikiti. Hakuna ukumbi. Ni kilima cha mawe kilichopangwa ngazi juu ya ngazi: majukwaa 6 ya mraba, juu yake 3 ya mviringo, halafu kileleni kuna stupa kubwa, lile kuba la umbo la kengele. Stupa ndogo 72 zenye matundu zimeizunguka. Kuta zina paneli 2,672 za mawe yaliyochongwa, na sanamu za Buddha zilikuwa 504. Muumini alikuwa anazunguka kila ngazi akisoma hadithi ukutani, anapanda, anazunguka tena, hadi afike juu ambako hakuna hadithi tena, ni anga tu.

Nilifika huko nikiwa na begi moja na kamera ya mtumba. Siku hizi idadi ya watu wanaopanda juu imewekewa kikomo kwa siku, na lazima uvae ndala maalum zinazoitwa upanat ili viatu visikwangue mawe. Lazima pia uwe na mtu wa kukuongoza. Kuna watalii waliokuwa wananung'unika kwamba muda hautoshi kupata selfi nzuri. Nikacheka. Jiwe limekaa miaka 1,200, wewe umekuja na mguu mmoja mbele unataka dakika kumi zaidi.

Lakini nilichokuwa nakitafuta kilikuwa chini, kwenye msingi. Mwaka wa 1885 Mholanzi mmoja, IJzerman, aligundua kwamba nyuma ya mawe ya chini kabisa kuna ukuta mwingine umefichwa. Wakati huo Indonesia ilikuwa koloni la Uholanzi. Michoro ya ukuta huo inaonyesha karma, yaani kila tendo na malipo yake. Kuna watu wanachemsha samaki na kasa kwenye chungu, halafu unaona watu wenyewe wakichemshwa motoni. Kuna wanaosengenya, kuna wanaotoa sadaka, kuna wanaopigana. Ni maisha ya watu wa kawaida wa Java ya zamani: nguo zao, nyumba zao, vyombo vyao.

Na manze, hapa ndipo niliisha kabisa. Juu ya baadhi ya paneli kuna maneno mafupi ya lugha ya kale. Watafiti wanasema yalikuwa maagizo kwa mafundi. Moja limeandikwa "wirupa", maana yake sura mbaya, na chini yake kuna nyuso zimekunjamana. Yaani bosi alimwandikia fundi: hapa nichongee watu wenye sura mbaya. Na fundi akafanya. Paneli nyingine hazikumalizwa kabisa, kazi ilisimama katikati. Umbo la herufi hizo ndilo lililosaidia wataalamu kukadiria kwamba hekalu lilijengwa karibu mwaka wa 800. Kwa nini ukuta ulifunikwa? Wengi wanaamini jengo lilikuwa limeanza kuteleza kwa uzito, ikabidi msingi upanuliwe ili lisiporomoke.

Sasa tumrudie Cephas. Alizaliwa Yogyakarta mwaka wa 1845. Kamera enzi hizo ilikuwa kitu cha Wazungu. Mwaka aliozaliwa ndio mwaka ambao Mjerumani Adolph Schaefer alipiga picha za kwanza za Borobudur. Mwaka wa 1873 akaja Isidore van Kinsbergen. Cephas yeye alijifunza kazi, akawa mpiga picha wa ikulu ya Sultani wa Yogyakarta, na anahesabiwa kuwa Mjava wa kwanza kuifanya kazi hiyo kama taaluma. Chama cha mambo ya kale kilichoanzishwa na Waholanzi kikampa kibarua cha ule msingi. Mawe ya nje yanaondolewa sehemu moja, anapiga, yanarudishwa, wanasonga mbele. Paneli 160, na picha zingine 4 za hekalu lenyewe. Kamera ya wakati huo ilikuwa sanduku zito, hakuna kuangalia kioo nyuma uone kama imetoka fiti. Jua likikudanganya na mawe yakisharudishwa, imekula kwako.

Angalia picha zake. Hakuna madoido. Paneli imekaa katikati, mwanga unaonyesha kina cha mchongo, hakuna mtu anayejipitisha mbele. Ndiyo maana bado zinafanya kazi zaidi ya miaka 130 baadaye.

Najua kuna mtu atasema: si alilipwa na mkoloni? Kweli. Na hatuwezi kuruka hapo. Mwaka wa 1896, miaka mitano tu baada ya kazi ya Cephas, mfalme Chulalongkorn wa Siam, nchi ambayo leo ni Thailand, alitembelea Java. Serikali ya kikoloni ikamruhusu achukue vitu vya Borobudur vya kujaza mikokoteni 8: sanamu za Buddha, simba wa mawe, vipande vya michoro. Baadhi viko makumbusho ya Bangkok hadi leo. Hakuna aliyewauliza Wajava. Kati ya zile sanamu 504, zaidi ya 300 zimeharibika, nyingi hazina kichwa, na 43 hazipo kabisa. Vichwa vingi viliishia kwa wakusanyaji na kwenye makumbusho ya Ulaya. Wewe ukipiga picha ya Buddha asiye na kichwa ukaiandikia "amani", unapiga picha ya wizi bila kujua.

Kwa hivyo picha inaweza kumtumikia anayebeba. Inaweza kumwonyesha mwizi ni wapi pa kuchimba. Mimi nasema hata hivyo ni afadhali iwepo, mradi ina maelezo, kwa sababu ikishapigwa vizuri haimtii tena aliyeilipia. Waholanzi waliondoka, picha zikabaki, na leo Mjava anazitumia kusoma ukuta wa mababu zake.

Mnataka ushahidi wa karibu? Pwani yetu hapa, Wamijikenda huchonga vigango kuwakumbuka marehemu wao. Mwaka wa 1985 mwanaanthropolojia Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja akiwa na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka ikapita, vikapatikana Marekani, kila kimoja kwenye taasisi yake. Ile picha ndiyo iliyothibitisha ni vya nani, na mwaka wa 2007 familia ikarudishiwa kimoja. Bila ile picha, ile familia ingeitwa waongo. Mbao hazina kitambulisho.

Ndiyo maana nawasha moto leo. Sisi kizazi hiki tuna kamera mfukoni kuliko watu wote waliowahi kuishi, na bado ukitafuta mlango wa zamani wa Lamu au kaburi la nguzo pale Gedi, utapata mrembo mbele na mlango umefifia nyuma. Siwakatazi kujipiga. Mimi pia najipiga. Lakini ukimaliza, sogea kando, piga ya pili bila mtu. Piga moja kwa moja, si kutoka pembeni. Piga ya karibu uonyeshe alama za patasi. Weka kitu cha kupimia ukubwa, hata kalamu. Andika tarehe na mahali. Kama ni mahali pa ibada au pa marehemu, omba ruhusa kwa wenyewe kwanza, na wakikataa, weka simu mfukoni. Na kama kitu ni rahisi kuibwa, usitangaze kilipo. Wape wenyewe picha, na watu wa makumbusho.

Cephas alifariki mwaka wa 1912. Kona moja tu ya ule ukuta wake ndiyo iliyofunguliwa, upande wa kusini-mashariki, tangu wakati Wajapani walipoikalia Java. Unaona paneli chache tu, na nyingine zote ziko gizani. Kabla ya mwaka huu kuisha, chagua kitu kimoja cha zamani mtaani kwenu au ushago kwenu, ukipige kana kwamba kesho kitafunikwa.