Majuto Alivyofika Mpanda

Kwa miaka mingi Mpanda haikuwa kwenye gridi ya taifa. Umeme ulitoka kwenye jenereta za dizeli za TANESCO, na ulipokatika, mwenye kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, katika mtaa wa Makanyagio au Majengo alivuta kamba ya jenereta yake ndogo ya petroli, akaiacha ikinguruma nyuma ya ukuta wa mabati ili moshi usiwafikie watazamaji. Mlangoni palikuwa na ubao wa chaki: saa kumi filamu ya mapigano, saa kumi na mbili ya Kihindi, usiku Majuto. Filamu nyingine zilitajwa kwa majina. Hii ilitosha kuandikwa Majuto.

Majuto, mchekeshaji, alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaitwa Amri Athumani. Kutoka Tanga hadi Mpanda ni kuikata nchi nzima, kutoka ukingo wa Bahari ya Hindi hadi karibu na Ziwa Tanganyika. Kipande cha mwisho cha safari hiyo ni tawi la reli la kilomita 210 kutoka Kaliua, ambalo Waingereza walilijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 wakiyafuata madini ya risasi ya mgodi wa Mukwamba. Wakati barabara ya Tabora kupitia Inyonga ilikuwa bado ya vumbi, na masika ya tope, treni hiyo ndiyo iliyoleta sabuni, vitenge, betri na kanda za video. Ndivyo mzee wa Tanga alivyofika huku.

Filamu za mapigano na za Kihindi zilihitaji mtu wa kuzieleza. Hapo ndipo walipopatia umaarufu watafsiri kama Lufufu, waliozungumza juu ya sauti za waigizaji na kuwaambia watazamaji nani anamdai nani na kwa nini. Majuto alizungumza Kiswahili, hakuhitaji mkalimani. Kwa mkoa wetu wenye Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wafipa na Wasukuma, hilo si jambo dogo. Na Katumba, kwenye makazi ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, kulikuwa na watoto waliozaliwa hapo na kusoma kwa Kiswahili katika shule za msingi, wakicheka pale pale tulipocheka sisi. Wao na wazazi wao walikuja kupewa uraia wa Tanzania mwaka 2014, pamoja na wenzao wa makazi ya Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya watu 160,000. Kwenye mabenchi ya kibanda hakuna aliyeulizwa hati.

Ukitaka kuelewa alichokifanya Majuto, anza kabla hajazaliwa, tena mkoani kwake. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi mmoja wa Kiingereza wa filamu za kuwaelimisha Waafrika uliweka kambi Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Moja ya filamu zake ilihusu vibarua wawili: mmoja anafukia fedha zake ardhini na zinaibwa, mwenzake anaziweka benki ya posta. Hadhira ilitakiwa imcheke wa kwanza na imwige wa pili. Mwaka 1952 ikatoka Muhogo Mchungu, hadithi ya mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kuangukia mikononi mwa matapeli. Mwigizaji mkuu alikuwa Rashid Mfaume Kawawa, yule yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Alichekesha kweli, lakini nia ilikuwa ile ile: mshamba achekwe ili mwenye kutazama ajue mji unataka nini.

Amri alianza kupanda jukwaani mwaka 1958, akiwa bado mtoto. Vichekesho vya jukwaani wakati huo vilikuwa na nguo pana kupita kiasi, uso uliopakwa rangi, na mazungumzo ambayo hayakuandikwa popote. Waigizaji walikubaliana kisa, mengine wakayapata mbele ya watu. Shule ya namna hiyo haina huruma, maana mchekeshaji asiyechekesha anajua papo hapo. Baadaye Redio Tanzania ikawaleta wachekeshaji Pwagu na Pwaguzi, na miaka ya 1980 vikundi kama Muungano vikachanganya vichekesho na ngoma, sarakasi na taarab katika onyesho moja. Wachekeshaji wengi wa kizazi hicho walibaki na sauti tu kwenye kumbukumbu za watu. Majuto na Mzee Small ni miongoni mwa wachache waliovuka, kutoka jukwaani hadi kwenye kanda, kutoka kwenye kanda hadi kwenye sahani za DVD na runinga.

Na alipovuka, alimgeuza yule mshamba. Mzee anayeigizwa na Majuto anafika mjini kwa mwanawe na fimbo yake mkononi. Anaketi kwenye sofa kabla ya kukaribishwa. Anauliza chakula kiko wapi, tena kwa nini nyama ni vipande viwili. Anamtazama mkwe aliyevaa suruali ya kubana, midomo inasogea kwanza bila neno, kisha linatoka neno moja la Kitanga lililonyooka, na chumba kizima kinaanguka. Ni mchoyo, ana tamaa, ni mwongo pia akibanwa. Lakini hafundishwi na mtu. Anajibu. Naamini hii ndiyo sababu Mpanda ilimpenda kwa namna yake. Sisi tuliozoea kuambiwa tunatoka mwisho wa reli tulimwona mtu wa mbali akiingia mjini bila kuomba radhi.

Alipopata mwenzake wa kupingana naye, kazi ilizidi kunoga. Sharo Milionea, kijana wa Muheza, aliigiza brazameni wa miwani na mapozi, na mzee akawa ukuta wa kumgongea. Ulikuwa ugomvi wa vizazi viwili uliochezwa na watu wanaopendana. Sharo alifariki kwa ajali ya gari huko huko Muheza, Novemba 26, 2012, na pengo lake halikuzibwa.

Sasa neno la uchungu. Mtu aliyeuza sura yake nchi nzima hakupata mapato yanayolingana na umaarufu huo. Wasanii wengi wa enzi hiyo waliuza filamu moja kwa moja kwa msambazaji, wakapokea fedha za mara moja, wakaachana na haki zote. Nakala za wizi zikala kilichobaki, na huku kwetu kibanda kilichoonyesha Majuto usiku mia kililipa bei ya sahani moja, au hakikulipa kabisa. Serikali ilianza kubandika stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013, wakati soko la sahani lenyewe limeanza kuyumba. Majuto alipougua na kupelekwa India kwa matibabu mwaka 2018, suala la mikataba yake likawa la kitaifa, hadi Waziri Harrison Mwakyembe akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mwenyewe alifariki Agosti 8 mwaka huo, Hospitali ya Taifa Muhimbili, akazikwa kwao Tanga. Miaka sitini tangu jukwaa la kwanza.

Kazi zake za miaka ya karibuni zinapatikana kwenye simu ya mtu yeyote. Wasiwasi wangu uko kwenye zile za mwanzo, zilizorekodiwa kwenye kanda za VHS, ambazo joto na fangasi vinazila mwaka hadi mwaka. Vibanda vya Mpanda vilipofungwa, kanda hazikutupwa zote. Nyingine zimo kwenye masanduku chini ya vitanda, Makanyagio, Majengo, Katumba. Zinaweza kunakiliwa kidijitali kwa mashine ya zamani na kompyuta ya kawaida. Aliye na sanduku hilo asiliuze kwa mnunuzi wa plastiki. Alipeleke kwa afisa utamaduni wa manispaa, na afisa huyo alipokee.