Paka katika picha za wazee wetu

Sisi watu wa Kindu tunaweka picha za wazee ndani ya sanduku, chini ya nguo. Siku ya matanga zinatoka, zinapita mkono kwa mkono, kila mtu anasema lake. Katika matanga moja ya ukoo wetu ilitoka picha ya miaka ya 1950: karani wa reli ya CFL amevaa shati jeupe, bibi yake ameketi, na juu ya magoti ya mama huyo kuna paka. Kijana mmoja akasema: «Muichome! Angalieni, hii paka iko na mikia mbili. Ni ya uchawi.»

Ndiyo maana tunaandika makala hii. Picha haisemi peke yake. Inasomwa, sawa vile barua inavyosomwa.

Tuanze na ile mikia miwili. Pale kwenye kivuli kamera ilihitaji kukaa wazi kidogo zaidi. Watu walitulia, paka akatikisa mkia, basi mkia ukaonekana mara mbili. Hakuna ajabu lingine.

Kisha tuulize: nani alitaka picha hii? Picha nyingi za wakoloni zilipigwa ili kuonyesha «makabila»: mtu uso mbele, halafu upande. Chifu alitakiwa na ngozi ya chui. Paka wa nyumbani hakuwa na kazi humo. Lakini hapa mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyemwita mpiga picha. Kinga iliyoegemezwa ukutani, kiti, paka: vyote alivichagua yeye.

Wengine watasema alikuwa anaiga Wazungu. Ni kweli, tangu kadi ya heshima ya kiraia ya mwaka 1948 na kuandikishwa kwa mwaka 1952, wasomi waliotafuta vyeti hivyo walikaguliwa hata namna ya kuishi nyumbani. Hata hivyo, tutazame nyuma ya mama: kuna kinu na ungo wa mpunga. Mpunga uliletwa Maniema na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, enzi za Nyangwe na Kasongo. Penye mpunga, panya hawakosi. Tena, vita vya 1892-1894 viliwaondoa mabwana wa Kiarabu, lakini dini ya Kiislamu ilibaki, nayo inafundisha kwamba paka si najisi. Abu Huraira, sahaba wa Mtume, jina lake lenyewe linatokana na paka. Mama mzee aliyeijua nyumba ile alituambia kwa kifupi: «Ile paka ilikuwaka ya kukamata panya. Bila yeye mupunga ingeisha.»

Tusiamini pia kila maandishi ya nyuma. Picha yetu imeandikwa «Kasongo», lakini pembeni linaonekana behewa, na reli haikufika mji wa Kasongo. Ilitoka Kindu kwenda Kongolo. Hata wataalamu hukosea: mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, James Chapin alikuta ndege wawili waliokaushwa wakiitwa tausi wachanga wa Asia. Kumbe walikuwa tausi wa Kongo, ndege wa msitu wetu, ambaye sayansi ilikuwa haijamtambua.

Mwaka 1964 Wasimba walipoingia Kindu, wasomi na watumishi wa serikali waliuawa. Picha ya mtu mwenye tai iliweza kumshtaki. Wazee wetu walichoma nyingi, nyingine wakazifukia. Hii iliponea. Je, leo tuichome sisi wenyewe kwa sababu ya paka? Neno «uchawi» haliishii kwenye karatasi: linawafikia mabibi vizee na watoto, mpaka sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ikabidi iwakinge watoto na mashtaka hayo.

Ile picha ilirudi sandukuni. Kabla ya kuifunika, mama mzee alitutajia majina, nasi tukayaandika nyuma kwa penseli. Fanyeni hivyo kwenu, wakati wenye kukumbuka wangali hai.