Silent Hill 2
Mchezo wa video wa kutisha wa mchezaji mmoja, uliotolewa na Konami ya Japani mwaka 2001 kwa PlayStation 2. James Sunderland anapokea barua ya marehemu mkewe, Mary, ikimwita kwenye mji uliogubikwa na ukungu. Kinachowavuta wachezaji si mazimwi yenyewe, bali kuyangoja: redio ndogo huanza kukwaruza kabla hayajaonekana. James si askari. Silaha yake ya kwanza ni ubao wenye misumari. Mengi ya mazimwi hayo yametokana na hatia anayoificha hata nafsi yake. Mchezo nao humpima mchezaji kimyakimya: kuacha majeraha bila kuyatibu, jambo dogo kabisa, huweza kumsogeza kwenye mwisho wa huzuni zaidi. Studio ya Bloober Team ya Poland iliuunda upya mchezo huu mwaka 2024.