Dhahabu na Zebaki: Kutoka Isecheno hadi Leiden

Ukitoka kituo cha msitu cha Isecheno, Kakamega nchini Kenya, ukashika njia ya kupanda kilima cha Lirhanda, utakuta tundu la mgodi lililochimbwa ubavuni. Ndani ni giza na popo. Ni alama ya mbio za dhahabu zilizoanza mwaka 1931, mlowezi Mmarekani L. A. Johnson alipoipata kandokando ya mto Yala. Walowezi waliobanwa na mdororo wa uchumi wakafurika Kakamega. Sheria ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba Mwafrika akichukuliwa shamba atapewa jingine. Desemba 1932 serikali ya kikoloni iliigeuza ili fedha zitoshe badala ya shamba. Ahadi ile haikudumu hata miaka mitatu. Mgodi wa Rosterman, uliozaliwa na mbio hizo, ulifungwa 1952, kampuni ikaondoka, wachimbaji wadogo wakabaki.

Kwa wachimbaji hao, upande wa Ikolomani, kazi ya mwisho hufanyika kwenye karai. Mama huinama juu ya unga wa mwamba uliosagwa, hutia maji, kisha tone la zebaki. Hulisugua kwa viganja vitupu mpaka zebaki imeze chembe za dhahabu. Hukamua kwa kitambaa, likabaki donge la kijivu. Donge huchomwa kwenye jiko; zebaki hupaa, naye huivuta puani pamoja na watoto walio karibu.

Metali hizi mbili zilikutana pia katika maabara ya Leiden, Uholanzi, tarehe 8 Aprili 1911. Heike Kamerlingh Onnes, aliyekuwa wa kwanza kugeuza heliamu kuwa kimiminika mwaka 1908, alitaka kujua umeme hupitaje ndani ya metali kwenye baridi kali kupindukia. Alianza na platini na dhahabu. Ukinzani ulishuka, kisha ukagota: uchafu kidogo ndani ya dhahabu uliendelea kuzitawanya elektroni. Akageukia zebaki, kwa kuwa husafishwa kwa kuivukiza na kuitonesha tena na tena. Siku ile zebaki ilikuwa ndani ya vijirija vya kioo, na dhahabu ilipimwa katika chombo kilekile. Karibu na nyuzi 269 chini ya sifuri, ukinzani wa zebaki ulitoweka. Wa dhahabu ulibaki.

Leo tunajua kwamba katika hali hiyo ya kukosa ukinzani elektroni huenda jozi jozi, zote kwa mwendo mmoja. Waya ukiwa mwembamba kwa kipimo cha nanomita, mwendo huo hukatika hapa na pale, na ukinzani kidogo hurudi. Hata dhahabu imepata nafasi yake: mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania waliubana waya wa dhahabu wa nanomita kati ya ncha zisizo na ukinzani, jozi zikapenya ndani yake, nayo ikapitisha umeme bila ukinzani.

Ufundi uliompa Onnes zebaki safi, kuvukiza kisha kupoza, ndio unaoweza kuwalinda akina mama wa Kakamega. Kifaa chenyewe ni chungu cha chuma chenye mfuniko uliobana na bomba linalopozwa kwa maji. Mvuke hugeuka tena kuwa zebaki na kutonea kwenye kopo, tayari kutumika tena, na fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kukitengeneza. Kingepaswa kuwa kando ya kila jiko la dhahabu kuanzia Ikolomani hadi Shinyalu.