Pumzi ya Lori: Historia ya Mombasa Ndani ya Silinda

Lori likizeeka halifi ghafla. Huanza kwa kukosa pumzi. Asubuhi linagoma kuwaka. Likiwaka linatoa moshi wa buluu, linakunywa oili, na likibeba mzigo kupanda Mazeras linaguna mpaka walio nyuma wanaanza kupiga honi. Mwulize fundi, atakujibu kwa neno moja tu: kompresheni. Neno ni la kukopa, lakini Mombasa imelifanya lake.

Tuanze ndani kwenyewe. Pistoni ikipanda kwenye silinda inabana hewa. Injini za petroli za zamani zilibana hewa mara sita au saba hivi. Za dizeli hubana mara 16 na zaidi. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyefaulu kuendesha injini yake mwaka 1897, hakuhitaji plagi: hewa ikibanwa vya kutosha hupata joto la kuwasha mafuta yenyewe. Hewa ikivuja, joto halifiki, na mafuta hayawaki. Milango mikuu ya kuvujia ni mitatu: ringi za pistoni, valvu, na gasketi ya kichwa cha silinda. Kazi ya fundi ni kujua ni mlango upi.

Mji wa Kale haukujengewa malori. Vichochoro vya Kibokoni na Mkanyageni vilipimwa kwa upana wa watu na punda. Mwanzoni mwa karne ya 20, waliokuwa na pesa walipanda vigari vidogo vilivyopita juu ya reli nyembamba, wao wameketi kivulini na watu wakiwasukuma juani. Mizigo ya majahazi pale Bandari ya Kale ilitoka kwa mabega ya mahamali, na hata leo kwenye vichochoro hivyo mkokoteni ndio mfalme. Meli kubwa zilihamia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, na huko ndiko malori yalikojaa.

Mengi yalikuwa ya Kiingereza. Bedford, kwa mfano, ilianza mwaka 1931. Ile ya pua ndefu, TJ, ilitoka 1958, na iliendelea kuuzwa nchi za nje miaka mingi baada ya kuondolewa sokoni Uingereza kwenyewe. Yaani lori ambalo kwao lilishakuwa la kizamani, huku kwetu lilikuwa bado lina kazi ya kufanya.

Na kazi ilikuwa ngumu. Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, na kwa miongo mingi njia ilikuwa vumbi tupu. Vumbi likipenya chujio la hewa linasugua kuta za silinda kama msasa, na ringi zinalegea. Juu ya hayo kuna mwinuko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya hapa Pwani kwa karibu moja ya tano. Injini ileile, bila ubovu wowote, itaonyesha namba ya chini kwenye geji ikipimwa Nairobi kuliko ikipimwa Shimanzi. Asiyelijua hilo anaweza kufungua injini nzima kwa sababu ya hali ya hewa.

Lakini si kila fundi alikuwa na geji. Zile injini za petroli ziliwashwa kwa handeli, na handeli ilikuwa kipimo. Unazungusha polepole, unahisi kila silinda inavyokataa: nzito, nzito, nzito, halafu moja inapita laini kama haimo. Hiyo ndiyo mgonjwa. (Dole gumba unaliweka upande mmoja na vidole vingine, la sivyo handeli ikirudi nyuma inakuvunja mkono.) Kisha unatoa plagi, unamimina oili kidogo ndani ya silinda, unazungusha tena. Uzito ukirudi, tatizo ni ringi, maana oili imeziba upenyo kwa muda. Usiporudi, shuku valvu. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa dhaifu pamoja, gasketi imeungua katikati yao. Na unafuata utaratibu huo kabla ya kununua chochote.

Kununua ndiko kulikokuwa na mtihani. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda dunia nzima, na Kenya ikabana pesa za kigeni. Hadi soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kuagiza bidhaa kulihitaji leseni, na spea ya lori kuukuu haikuwa kipaumbele cha mtu. Basi valvu zikasagwa kwa mkono hadi zikae sawa, kichwa cha silinda kikanyooshwa kwa mashine, silinda zilizoliwa zikachongwa na kuvishwa slivu mpya. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilikuwa imeandika kwamba shughuli za namna hii, nje ya ajira rasmi, zina tija. Mafundi hawakuhitaji ripoti kuwaambia hivyo.

Elimu rasmi ilikuwepo. Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa ilipokea wanafunzi wa ufundi mwaka 1951. Ikawa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa mwaka 2013. Ila maarifa ya handeli yalipita njia nyingine, kutoka fundi hadi kwa kijana wa spana, bila daftari.

Hapo ndipo pana hatari. Sheria ya sasa hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Reli mpya ilizinduliwa mwaka 2017, na mwaka 2019 agizo la kupeleka makontena kwa treni liliwatoa watu wa Mombasa barabarani kuandamana, kwa sababu lori lilikuwa limebeba mji: madereva, mataniboi, mama wa chakula, wauza matairi, mafundi. Injini za leo hutambua ubovu kwa kompyuta. Hilo si baya. Lakini kompyuta inasoma kilichowekewa kihisi tu, na ringi iliyolika haina kihisi.

Tunahifadhi milango ya nakshi na mizinga ya Fort Jesus, na ni sawa. Mikono iliyoweza kusikia silinda moja kati ya sita ikivuja nayo ni urithi wa mji huu, na wenye mikono hiyo wamezeeka. Mwenye simu anaweza kuketi nao leo, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akauliza swali la kwanza: ulijuaje kuwa ni valvu?