Dhahabu, Stendi na Jukwaa: Misingi ya Ushabiki wa Soka katika Ukanda wa Migodi wa Shinyanga na Geita

Historia ya soka ya Tanzania imeandikwa kwa muda mrefu kwa jicho la Dar es Salaam, ambako Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, zimeigawana nchi nzima kiasi kwamba timu ya mkoani huhesabiwa kuwa mpita njia tu katika Ligi Kuu. Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, ni mahali panapofaa kuupima mtazamo huo. Wilaya hiyo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi ulipoundwa Mkoa wa Geita mwaka 2012, na kwa kuwa mji wenyewe umekaa kando ya barabara kuu itokayo Kahama kuelekea Lusahunga na mpaka wa Rusumo, shabiki wake yumo kati ya timu mbili zenye asili tofauti, yaani Stand United ya Shinyanga na Geita Gold ya Geita. Hoja ya makala hii ni kwamba fedha ya mgodi huweza kuipandisha timu daraja, lakini haiwezi kuipa mizizi. Mizizi hutokana na watu wanaoihesabu timu kuwa mali yao na wenye sauti katika mambo yake.

Kabla ya kuzifikia hizo mbili, timu ya kwanza kuzingatiwa ni Mwadui, iliyokua kando ya mgodi wa almasi ambao mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aliugundua mwaka 1940. Timu hiyo ilikuwa sehemu ya maisha ya makazi ya mgodi, pamoja na uwanja wake wenyewe, na iliporejea Ligi Kuu msimu wa 2015/16 ilidumu hadi iliposhuka mwishoni mwa msimu wa 2020/21. Jamii iliyoizunguka ilikuwa jamii ya waajiriwa, na ajira, tofauti na ukoo au mtaa, ina siku ya kwisha.

Geita Gold inaonyesha kwa uwazi zaidi nguvu na udhaifu wa udhamini. Mwaka 2016 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) liliiadhibu kwa kuishusha daraja, pamoja na timu nyingine za kundi lake, kutokana na tuhuma za kupanga matokeo, baada ya siku ya mwisho ya ligi daraja la kwanza kutoa ushindi wa mabao manane na mabao saba. Nafasi ya kupanda ikaiangukia Mbao ya Mwanza. Geita Gold ilijijenga upya, ikapata udhamini wa mgodi wa dhahabu wa Geita, na katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2021/22, ikashika nafasi ya nne huku mshambuliaji wake George Mpole akiwa mfungaji bora kwa mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Ilicheza Kombe la Shirikisho la Afrika, ikatolewa na Hilal Alsahil ya Sudan, na mwisho wa msimu wa 2023/24 ikashuka. Miaka hiyo mitatu inatosha kuonyesha kwamba mafanikio ya uwanjani huweza kwenda kasi kuliko ujenzi wa klabu yenyewe.

Stand United ilizaliwa kwa njia nyingine. Iliibuka katika stendi ya mabasi ya Shinyanga, miongoni mwa wapiga debe na watu wengine wanaoishi kwa riziki ya barabara, na jina lake la utani, Chama la Wana, linabeba madai ya umiliki: timu ni ya wana wa mahali hapo. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 na kuvuta udhamini wa Acacia, kampuni iliyokuwa ikimiliki migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Hapo ndipo mgongano ulipozuka, kwani kufikia mwaka 2016 klabu ilikuwa imegawanyika kati ya waliotaka iendeshwe kama kampuni na waliotaka ibaki mikononi mwa wanachama. Tofauti ya maneno haya ni muhimu: shabiki ni yule anayeipenda na kuifuata timu, ilhali mwanachama ni yule aliyelipa ada na kupata haki ya kupiga kura katika mkutano mkuu. Stand United ilishuka mwaka 2019, na msomaji anaweza kusema kwamba uanachama nao haukuiokoa. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linasahau kwamba watu hawagombanii kitu wasichokiona kuwa chao. Mgogoro ule, pamoja na hasara zake, ulithibitisha kuwapo kwa wenye klabu.

Umiliki wa namna hiyo si mgeni katika utamaduni wa Usukuma. Katika mashindano ya mbina, yaani ngoma, vyama viwili vikuu vya Bagika na Bagalu huchezea uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa zaidi upande wake. Mtazamaji huko ndiye mwamuzi, na miguu yake ndiyo kura. Mtu aliyelelewa katika desturi hiyo anapoingia Uwanja wa Kambarage mjini Shinyanga hawezi kutarajiwa kuridhika na kazi ya kupiga makofi tu.

Kwa sababu hiyo, marekebisho ya mwaka 2017 ya Sheria ya Madini, yanayoitaka migodi kuandaa na halmashauri mipango ya mwaka ya kuwajibika kwa jamii, yanafungua mlango ambao soka halijautumia ipasavyo. Fedha inayoelekezwa kwenye viwanja vya kata, timu za vijana na daftari la wanachama hubaki hata mkataba wa udhamini ukiisha, wakati ile inayoishia kwenye mishahara ya msimu mmoja huondoka na wachezaji. Ushirombo, ambako kijana hutazama Simba na Yanga katika kibanda umiza na kuwaona wachimbaji wadogo wakihama kila dhahabu inapogunduliwa kwingine, panahitaji timu ambayo mtu akihama bado ataendelea kuilipia ada.